Mwongozo wa kulinda usikivu wa mtoto mwenye tatizo la vinasaba la ukuaji wa mifupa

"Alipimwa masikio siku ya pili baada ya kuzaliwa, akapita. Sasa ana miaka mitatu, mbona nikimwita hageuki?" Swali hili limenijia mara nyingi mno kutoka kwa wazazi wa watoto wenye kimo kifupi na wa wale ambao mifupa yao huvunjika kwa jambo dogo. Nyuma yake hufuata la pili: "Mifupa na masikio vinahusiana wapi?" Nimekuwa nikijibu kwa vipande, leo nimeyaweka yote pamoja.

Kupita kipimo cha kichanga ni habari ya siku ile tu. Matatizo mengi ya mifupa ya kuzaliwa nayo hulifikia sikio baadaye, kila moja kwa wakati wake na kwa njia yake. Kazi yako ni kujua tatizo la mwanao huingilia mlango upi, kisha umpime kwa ratiba ya tatizo hilo bila kungoja dalili.

Mimi ni mzazi, si daktari. Binti yangu ana akondroplasia, tatizo la vinasaba linaloleta kimo kifupi. Mwongozo huu utakusaidia kuuliza maswali yanayofaa na kukataa majibu ya kukufukuza, lakini hauchukui nafasi ya mtaalamu.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Jina kamili la tatizo la mtoto, pamoja na jina la jeni ikiwa alipimwa vinasaba. "Ana kimo kifupi" haitoshi. Matatizo ya namna hii ni mamia, na hayaharibu sikio kwa namna moja.
- Karatasi ya kipimo cha usikivu cha uchangani. Kama hakupimwa au karatasi imepotea, andika hivyo hivyo.
- Daftari moja la masikio tu. Usilichanganye na mambo ya mifupa, utashindwa kupata unachotafuta.
- Orodha ya upasuaji aliofanyiwa, dawa alizotumia, na jambo lolote lililosemwa kuhusu shingo yake au upumuaji wake usingizini.
- Daktari wa masikio, pua na koo, na mtaalamu wa kupima usikivu. Hawa ni watu wawili tofauti. Wa kwanza hutibu sikio, wa pili hupima sikio linasikia kiasi gani.

Nadharia, kidogo tu

Sikio lina vyumba vitatu. Cha nje ni tundu unaloliona, linaloishia kwenye ngoma ya sikio. Cha kati kina hewa na vifupa vitatu vinavyopokezana mtetemo: nyundo, fuawe na kikuku. Kikuku ndicho mfupa mdogo kuliko yote mwilini, urefu wake kama milimita 3. Hewa ya chumba hiki huingia kupitia mrija mwembamba unaotokea nyuma ya pua. Cha ndani kina koklea, iliyojiviringa kama konokono, ambayo hugeuza mtetemo kuwa ishara na kuzipeleka kwenye ubongo kwa mshipa wa fahamu.

Kasoro ikiwa kabla ya koklea, sauti inakwama njiani. Ikiwa kwenye koklea au mshipa wa fahamu, sauti inafika ila haipokelewi sawasawa. Zikiwapo zote mbili, huitwa upotevu mchanganyiko. Nadharia imekwisha.

Hatua ya 1: Tambua mlango

*Akondroplasia.* Chanzo ni badiliko kwenye jeni ya FGFR3. Watoto wanne hivi kati ya watano wenye tatizo hili huzaliwa na wazazi wenye kimo cha kawaida, kwa hiyo anayekuuliza "kairithi kwa nani?" mjibu utakavyo au mwache. Mifupa ya katikati ya uso hukua kidogo, nafasi nyuma ya pua huwa finyu, vinyama vya puani huijaza, na ule mrija wa hewa huwa mfupi na uliolala. Hewa isipoingia, majimaji hujaa nyuma ya ngoma ya sikio, mara yakiwa mazito kama gundi, mara yakipata vijidudu na kugeuka usaha. Usikivu hupanda na kushuka. Wiki hii anakusikia ukiwa jikoni, wiki ijayo hasikii ukiwa kando yake. Watu wa nyumbani humalizia kwa kusema ni mkaidi.

*Mifupa inayovunjika kirahisi, yaani osteojenesisi impafekta.* Mara nyingi kasoro huwa kwenye jeni za COL1A1 au COL1A2, zinazotengeneza kolajeni, protini inayoipa mifupa uimara. Kikuku kinaweza kuganda mahali pake, au vijiguu vyake kuvunjika, na baadaye koklea nayo ikaathirika. Hapa wengi hudanganyika kwa sababu utotoni mambo huwa shwari. Upotevu huanza sana sana miaka ya ishirini na thelathini, na hatimaye hugusa karibu nusu ya watu wazima wenye tatizo hili.

*Kasoro za kolajeni ya aina ya pili na jamaa zake.* Humu yamo matatizo yaitwayo Stickler, Kniest na displasia (yaani ukuaji usio wa kawaida wa mifupa) ya spondiloepifisi ya kuzaliwa nayo. Koklea hupoteza zaidi sauti nyembamba za juu. Baadhi ya watoto huwa na kaakaa lililopasuka, na misuli ya kaakaa ndiyo inayofungua mrija wa sikio, kwa hiyo majimaji nayo huongezeka. Familia hii hugusa macho vilevile: kutoona mbali kwa kiwango kikubwa, na hatari ya retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, kubanduka. Mtoto asiyesikia vizuri hutegemea kutazama midomo. Akiwa haoni vizuri pia, amefungiwa njia zote mbili. Pima macho na masikio kwa pamoja.

*Mengine, kwa ufupi.* Displasia ya diastrofi huvimbisha sikio la nje katika wiki za mwanzo, na njia ya sikio inaweza kuwa nyembamba mno. Mukopolisakaridosisi, kundi la magonjwa ambayo mwili hushindwa kuvunja aina fulani za sukari, kama Hurler, Hunter na Morquio, huleta ute mzito sikio la kati na kuathiri sikio la ndani pia. Displasia ya kleidokrania, ya jeni ya RUNX2, huja na maambukizi ya masikio yanayojirudia. Osteopetrosisi hunenepesha mifupa hadi ikabana mishipa ya fahamu inayopita fuvuni.

Andika mstari mmoja kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari: "Tatizo la mwanangu huathiri sikio la ___, na kwa kawaida huanza umri wa ___." Ukishindwa kuujaza, hilo ndilo swali lako la kwanza kwa daktari.

Hatua ya 2: Panga ratiba ya vipimo

Kwa mtoto yeyote lengo ni hili: apimwe kipimo cha mwanzo kabla ya mwezi 1, akifeli tatizo lithibitishwe kabla ya miezi 3, na msaada uanze kabla ya miezi 6. Baada ya hapo ratiba hufuata tatizo.

Akondroplasia: kipimo kamili cha usikivu pamoja na cha ngoma ya sikio anapokaribia mwaka 1, kisha kila mwaka utotoni. Stickler na jamaa zake: kila miezi 6 hadi afike miaka 5, halafu kila mwaka. Mifupa inayovunjika: kipimo cha msingi kabla ya kuanza shule, kisha kila miaka mitatu hivi hata kama halalamiki, na mara akilalamika. Kwa matatizo mengine muulize mtaalamu, ila usikubali jibu la "mlete ukiona shida."

Kosa linalorudiwa: kuhesabu ule ukaguzi wa daktari wa kumulika sikio kwa tochi kuwa ni kipimo cha usikivu. Kumulika huonyesha ngoma ilivyo. Hakuonyeshi mtoto anasikia nini.

Hatua ya 3: Mtazame nyumbani kwa wiki moja

Fanya hivi kabla ya kila miadi. Mtoto akiwa ametulia na mchezo wake, simama nyuma yake kama mita moja, mahali kivuli chako hakimwangukii. Usipige makofi wala usigonge meza: atahisi mtetemo na upepo, atageuka, nawe utajidanganya. Taja jina lake kwa sauti ya chini. Ngoja. Siku nyingine toa "sss" laini, kisha "mmm." Akigeukia "mmm" na kuikosa "sss" mara kwa mara, huenda anakosa sauti za juu. Fanya upande wa kulia na wa kushoto.

Daftari langu la wakati ule lina mistari ya namna hii: "Jumanne, ana mafua, hakugeuka mara 4 kati ya 5. Televisheni kaongeza mwenyewe. Anasema 'nini?' kila sentensi. Jumamosi, mafua yameisha, kageuka mara 3." Mistari hiyo ndiyo iliyomfanya mtaalamu aache kutabasamu na kuanza kuandika.

Ongeza haya: anakoroma? Anapumua kwa mdomo? Sikio linatoa majimaji au harufu? Maneno yake yanaongezeka au yamesimama?

Onyo kubwa kuliko yote humu: usikubali kuchelewa kuongea kuelezwe kwa kimo au mifupa yake. Watoto wenye akondroplasia huchelewa kukaza shingo na kutembea kwa sababu ya kichwa kikubwa na misuli iliyolegea, na watu huzoea kuchelewa huko kiasi cha kulipachika hata jambo lisilohusika. Binti yangu alipofika miaka miwili na maneno sita, niliambiwa "hawa huchelewa kila kitu." Nilikaa miezi saba nikiliamini neno hilo. Masikio yote mawili yalikuwa yamejaa gundi.

Hatua ya 4: Muandae kwa kipimo

Kipimo hutegemea umri na uwezo wake.

1. Kichanga hadi miezi 6 hivi: huwekewa kidude laini sikioni kinachosikiliza mwangwi wa koklea, au hubandikwa vihisi kichwani ili kupima mshipa wa fahamu akiwa amelala. Mnyime usingizi kidogo kabla ya kufika, umnyonyeshe palepale, alale kwa hiari yake.
2. Kuanzia miezi 6 hadi miaka 2 na nusu hivi: hukaa kwenye chumba tulivu, sauti ikitoka hugeuza kichwa na kuona kikaragosi kikiwaka. Hapa shingo lazima iwe imara. Kama mwanao bado hajaikaza, sema mapema, wabadilishe kipimo. Asikalishwe bila kuegemezwa mgongo. Omba kiti chenye egemeo na mahali pa kuweka miguu. Miguu inayoning'inia humchosha, na mtoto aliyechoka hufeli.
3. Kuanzia miaka 3 hivi: husikia mlio, hutumbukiza kijiti kwenye kopo. Mfundishe mchezo huu nyumbani siku tatu kabla.

Kipimo cha ngoma ya sikio, timpanometri, huchukua sekunde chache kwa kila sikio na hakiumi. Njia ya sikio ya baadhi ya watoto hawa ni nyembamba, kwa hiyo ombeni ncha ndogo zijaribiwe kabla ya kuandika "haikuwezekana."

Maonyo mawili. Mtoto mwenye mifupa inayovunjika asishikiliwe kichwa wala mikono kwa nguvu. Mwambie mpimaji kabla hajamgusa. Na ikipendekezwa dawa ya usingizi ili kipimo kifanyike, usiseme "sawa" haraka. Kwa akondroplasia, tundu la chini ya fuvu linaweza kuwa finyu na mtoto akawa anakatika pumzi usingizini. Dawa hiyo itolewe na mtaalamu wa usingizi anayelijua tatizo lake. Kama kuna upasuaji mwingine unaokuja, uliza kama kipimo kinaweza kufanywa humo humo, nusu kaputi iwe moja.

Hatua ya 5: Soma majibu kabla ya kutoka mlangoni

Dai karatasi, usiridhike na "yuko vizuri." Tafuta mambo matatu.

Kwanza, namba za desibeli, kizio cha ukubwa wa sauti, kwa kila sikio. Kadiri namba ilivyo kubwa, ndivyo sauti inavyolazimika kuongezwa ili aisikie. Mazungumzo ya kawaida umbali wa mita moja ni kama desibeli 60. Mtoto ambaye sauti humwanzia desibeli 35 atakusikia ukiongea, ndiyo maana nyumbani unasema "mbona anasikia," lakini miisho ya maneno na sauti nyembamba humpita. Majimaji sikioni kwa kawaida huondoa kati ya desibeli 20 na 40.

Pili, aina ya upotevu: sauti inakwama njiani, haipokelewi, au mchanganyiko. Tiba hutegemea hapa.

Tatu, umbo la timpanogramu, yaani mchoro unaotolewa na timpanometri. Yenye kilele katikati ni A, ngoma inacheza vizuri. Kilele kilichosogea kushoto ni C, hewa haiingii vya kutosha. Mstari bapa ni B, mara nyingi majimaji. Ila B yenye ujazo mkubwa humaanisha ngoma ina tundu, au kijibomba cha kupitisha hewa kilichowekwa kwenye ngoma kinafanya kazi.

Kosa: kufurahia A ya mtoto mwenye Stickler. Sikio la kati linaweza kuwa safi huku koklea ikipoteza sauti za juu.

Hatua ya 6: Kama ni majimaji

Kwa mtoto wa kawaida hungojwa miezi 3, maana mengi hukauka yenyewe. Kwa mwanao, ambaye umbo la uso ndilo chanzo, uliza wazi: "Kuna sababu gani ya kuamini kwamba yake yatakauka?" Kama ameshachelewa kuongea, kungoja kuwe kwa tarehe iliyoandikwa.

Kinachofuata huwa ni kuweka vijibomba kwenye ngoma, pengine pamoja na kuondoa vinyama vya puani. Vijibomba hukaa kwa kawaida miezi 6 hadi 18, kisha huanguka vyenyewe. Usishangae mtoto akivihitaji zaidi ya mara moja.

Siku ya upasuaji, taja haya hata kama unaona wanayajua: shingo isikunjwe nyuma kupita kiasi, anakoroma au hakoromi, na kwa baadhi ya watoto wenye akondroplasia mshipa mkubwa wa damu ulio chini ya sikio la kati huwa umepanda juu, kwa hiyo daktari auchunguze kabla ya kutoboa ngoma. Kuuliza si utovu wa adabu.

Hatua ya 7: Kama usikivu hautarudi kwa tiba

Shimesikio, yaani kifaa cha kukuza sauti kinachovaliwa sikioni, hutumika mapema, hata kabla ya mwaka. Njia ya sikio ikiwa nyembamba mno au sikio likitoa usaha kila mara, kuna kifaa kinachotetemesha mfupa wa fuvu, ambacho mtoto mdogo huvaa kwa mkanda wa kichwani bila upasuaji. Kwa mifupa inayovunjika, kikuku kilichoganda kinaweza kubadilishwa kwa kipandikizi. Atafutwe daktari aliyewahi kufanya upasuaji huo kwa wagonjwa wa aina hii, maana mfupa wenyewe ni mwepesi kuvunjika na sikio huvuja damu zaidi. Upotevu mkubwa wa koklea una kipandikizi chake.

Kabla ya kuchukua shimesikio, hakikisha mtoto anaweza kulifungua mwenyewe. Vidole vifupi na vinene havibandui betri ndogo kirahisi. Aina ya kuchaji humrahisishia. Betri hizo ndogo akizimeza ni dharura, usingoje dalili.

Hatua ya 8: Rekebisha nyumbani na darasani

Umbali ukipungua nusu, sauti huongezeka kama desibeli 6. Hakuna kifaa cha bei rahisi kuliko kusogea. Na usiongee juu ya kichwa chake. Mtoto wa kimo kifupi akiwa kati ya watu wazima, maneno hupita angani naye akibaki kutazama magoti. Chuchumaa, midomo yako iwe usawa wa macho yake. Darasani akae mbele, sikio linalosikia zaidi lielekee mwalimu, mbali na feni na dirisha la barabarani. Mwalimu asiongee huku akiandika ubaoni.

Ukikwama

*Ana vijibomba na sikio linatoa usaha.* Si lazima viondolewe. Kwa kawaida daktari huandika dawa ya matone. Usitumie matone ya zamani uliyobakiza kabatini. Mengine hudhuru koklea ngoma ikiwa wazi.

*Shimesikio linapiga filimbi.* Mara nyingi kitako chake, sehemu inayoingia sikioni, hakikai sawa, au nta imeziba. Mtoto hukua, kitako hakikui, kipimwe upya.

*Analivua shimesikio kila mara.* Anza na dakika 15 akifanya anachokipenda, ongeza kila siku. Kama alivaa vizuri kisha akakataa ghafla, kagua kidonda au usaha kabla ya kumgombeza.

*Kapita kipimo, shuleni hasikii.* Alipimwa siku njema, kwenye chumba kimya. Omba kipimo cha maneno ndani ya kelele, na urudie akiwa na mafua.

*Nta imejaa.* Usiingize pamba za vijiti. Kwenye njia nyembamba huisukuma ndani. Iondolewe kliniki chini ya darubini.

*Usikivu umepotea ghafla, au kuna kizunguzungu kikali.* Nenda siku hiyo hiyo. Upotevu wa ghafla wa sikio la ndani una muda mfupi wa kutibika.

*Kijana mwenye mifupa inayovunjika anasikia mvumo masikioni.* Usimwambie apunguze muziki tu. Mpeleke apimwe, hata kama kipimo cha mwaka jana kilikuwa kizuri.